Nchi za Mbali: Bahari Ifukuayo Vijiji vya Kale na Kuvimeza

Kaskazini kabisa ya nchi ya Uskoti, ng'ambo ya mlango wa bahari uitwao Pentland Firth, viko visiwa vipatavyo 70 ambavyo kwa jumla huitwa Orkney. Visiwa 20 hivi tu ndivyo vyenye watu, na hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa wenyeji wote ni kama 22,000. Kazi kubwa ya mashamba yao ni kufuga ng'ombe wa nyama. Nchi ni ya majani mazuri, lakini miti ni michache sana, kwa kuwa upepo wa bahari huvuma karibu siku zote. Katika siku fupi za majira ya baridi jua huonekana kwa muda wa saa 6 hivi tu, na saa zote zilizobaki watu husikia mawimbi gizani.

Uhaba wa miti umekuwa na faida moja ambayo watu wa kale hawakuitazamia. Mahali ambapo watu wa nchi nyingine hujenga kwa mbao, watu wa Orkney tangu zamani walijenga kwa mawe. Mbao huoza, bali jiwe hubaki. Kwa hiyo visiwa hivi vimejaa nyumba, makaburi na maboma ya watu walioishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na mengi ya majengo hayo yako kando ya bahari, kwa sababu watu wale walitaka kuwa karibu na samaki wao na mashua zao.

Lakini bahari haikukaa mahali pake. Kila mwaka yala sehemu ya nchi kavu, na ilapo nchi hiyo hufunua mambo yaliyozikwa ndani yake. Mkono ule ule unaofunua ndio unaonyang'anya. Kati ya siku ya kufunuliwa na siku ya kunyang'anywa pana muda mfupi, pengine miaka kadhaa, pengine usiku mmoja. Habari za pwani ya Orkney ni habari za jinsi watu walivyoutumia muda huo, na jinsi walivyoupoteza.

Mawe yaliyozaliwa ziwani

Yapata miaka milioni 390 iliyopita, mahali palipo na visiwa hivi leo palikuwa na ziwa kubwa ambalo wataalamu wa miamba wameliita Ziwa Orcadie. Nchi hiyo haikuwa katika baridi ya kaskazini kama ilivyo sasa. Ilikuwa kusini ya mstari wa Ikweta, na hewa yake ilikuwa ya joto na ukavu. Mito ilichukua matope na mchanga kutoka milimani ikavitua ziwani, tabaka juu ya tabaka. Mara nyingi ziwa lilijaa, na mara nyingi lilikauka. Samaki waliokufa walifunikwa na matope hayo, na mpaka leo mtu apasuaye bamba la jiwe katika visiwa hivi aweza kukuta umbo la samaki, pamoja na magamba yake, lililogeuka kuwa jiwe.

Matope hayo yaligandamana yakawa mwamba wa namna yake. Hupasuka kwa urahisi kuwa mabamba mapana na membamba, yaliyonyooka kama mbao zilizopigwa randa na seremala. Mjenzi wa Orkney hakuhitaji tindo kali wala kazi nyingi ya kuchonga, kwa kuwa jiwe lilimjia likiwa tayari. Aliweza kulifanya ukuta, kizingiti, kitanda au rafu.

Walakini nyufa zimsaidiazo mwashi huisaidia na bahari pia. Wimbi kubwa lipigapo mwamba husukuma hewa ndani ya ufa, na hewa hiyo hubanwa kwa nguvu nyingi. Wimbi lirudipo nyuma, hewa hutoka kwa ghafula. Jambo hilo likifanyika maelfu ya mara kwa siku, ufa hupanuka, bamba hulegea, na mwisho jiwe hung'oka. Hapo bahari hulichukua jiwe lile lile na kulirusha juu ya mwamba kama nyundo. Ndivyo zilivyopatikana hori ndefu na nyembamba zinazoingia ndani ya nchi, na mapango, na matao ya mawe. Tao likianguka, sehemu ya nje hubaki peke yake majini kama nguzo.

Nguzo mashuhuri kupita zote iko katika kisiwa cha Hoy, nayo huitwa Mzee wa Hoy. Ni ya mawe mekundu ya mchanga, imesimama juu ya msingi wa mwamba uliotoka katika moto wa volkano, na urefu wake ni futi 449. Mtu aionaye hudhani imesimama hapo tangu dunia kuumbwa, lakini sivyo. Ramani iliyochorwa mwaka 1750 yaonyesha rasi tu mahali hapo, wala hakuna nguzo. Mapema katika karne ya 19 mchoraji mmoja aliichora ikiwa pana zaidi, yenye miguu miwili na tao katikati, ndiyo maana ikaitwa mzee. Baadaye tufani iliuchukua mguu mmoja. Kitu kilichojengwa na bahari kwa muda wa miaka isiyozidi 300 kitabomolewa na bahari hiyo hiyo, wala hakuna ajuaye siku yake.

Pwani ngumu na pwani laini

Si pwani yote iliyo ya mwamba mgumu. Zamani barafu nene ilipoifunika Uskoti, iliburuta udongo na mawe ikaviacha kando ya bahari, na barafu ilipoyeyuka upepo ulirundika vilima vya mchanga katika ghuba. Pwani ya namna hiyo haina nguvu ya kushindana na mawimbi. Katika uchunguzi wa pwani ya Uskoti yote, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2017, ilionekana ya kuwa sehemu 78 katika kila 100 ni pwani ngumu, 19 ni laini, na 3 zimejengwa na watu.

Sehemu hizo 19 yaweza kudhaniwa kuwa ni jambo dogo. Lakini mkulima ataona mara moja maana yake. Watu hawalimi juu ya mwamba, wala hawapandishi mashua juu ya genge. Hutafuta ghuba yenye mchanga, udongo unaochimbika na maji matamu ya kunywa. Ndiyo kusema ya kuwa mahali palipowafaa watu wa kale mara nyingi ndipo panapoliwa upesi kuliko pote.

Liko na jambo la pili. Barafu ilipoyeyuka, maji yake yaliinua bahari kote duniani, na mabonde ya Orkney yakazama hata vilima vikabaki kuwa visiwa. Katikati ya Uskoti, ambako barafu ilikuwa nzito zaidi, nchi ilianza kuinuka polepole baada ya kutuliwa mzigo huo, kama godoro linavyoinuka mtu akiondoka juu yake. Orkney haikupata faida hiyo. Bahari imeendelea kuisogelea, na sasa, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto, maji yanaongezeka na mvua za majira ya baridi zinalegeza udongo wa kando.

Kijiji kilichofunuliwa na tufani

Katika pwani ya magharibi ya kisiwa kikubwa kuliko vyote iko ghuba iitwayo Bay of Skaill. Kando yake palikuwa na kilima cha mchanga chenye majani juu yake, na hakuna aliyekijali. Katika majira ya baridi ya mwaka 1850 ikavuma tufani kali. Upepo na mawimbi viliondoa majani na mchanga, na chini yake zikaonekana kuta za mawe. Bwana William Watt, mwenye nchi ile, akaanza kuchimba, na kufikia mwaka 1868 nyumba 4 zilikuwa wazi. Kisha kazi ikaachwa.

Kwa miaka mingi mahali hapo palikaa bila mlinzi. Mwaka 1913 kundi la watu lilifika na sepetu, likachimba kwa siku mbili za mwisho wa juma na kuchukua vitu ambavyo hesabu yake haikujulikana. Mwaka 1924 tufani nyingine iliondoa sehemu ya nyumba moja. Hapo ndipo Serikali iliyokuwa imekabidhiwa magofu hayo ilipoona hatari, na katika miaka hiyo ukajengwa ukuta wa kuzuia bahari. Mwaka 1927 Profesa Gordon Childe wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alianza uchimbaji wa kitaalamu, naye aliendelea mpaka mwaka 1930.

Kijiji hicho huitwa Skara Brae. Zimeonekana nyumba 8, nazo zimeungana kwa njia nyembamba zilizofunikwa kwa mawe. Karibu kila nyumba ina chumba kimoja chenye pembe za mviringo. Katikati iko meko ya mawe, kuume na kushoto viko vitanda vya mabamba, na mbele ya mlango, ukutani, iko rafu ya mawe yenye ngazi mbili, ambapo mgeni aingiapo huona kwanza vyombo vya mwenye nyumba. Mlango ulifungwa kwa komeo lililopita katika matundu ya ukuta. Chini ya sakafu upo mfereji wa kupitisha maji machafu.

Jambo litakalomstaajabisha mkulima ni jaa la kijiji. Watu wale hawakutupa taka zao mbali. Majivu, maganda ya kombe, mifupa na mabaki ya vyakula yaliachwa yaoze mpaka yakawa kama udongo mzito, kisha nyumba zikajengwa katikati ya jaa hilo, nalo likazizunguka kuta na kuzuia upepo na baridi. Wachunguzi wa mambo ya kale hulithamini jaa hilo kuliko dhahabu. Kutoka humo wamejua ya kuwa wenyeji walifuga ng'ombe na kondoo, walilima shayiri, na walikula samaki. Kuta husema watu waliishi namna gani, bali jaa husema waliishi kwa nini.

Profesa Childe alidhani kijiji hicho hakikupita umri wa miaka 2,500. Lakini katika miaka ya 1970, baada ya kupatikana njia ya kujua umri wa mifupa na makaa kwa kupima kaboni iliyomo, ilithibitishwa ya kuwa watu waliishi hapo tangu yapata mwaka 3180 mpaka mwaka 2500 kabla ya Kristo. Wakati watu wa mwisho walipokuwa wakikiacha kijiji, ndipo karibu na wakati ambao Wamisri walikuwa wakijenga piramidi kubwa ya Giza. Ngome ya Yesu huko Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni jengo la juzi likilinganishwa nacho.

Tena wenyeji wake hawakujenga ufukoni. Katika siku zao bahari ilikuwa mbali, na kati yake na nyumba palikuwa na mchanga, malisho na maji baridi. Ghuba ionekanayo leo ilichimbwa baadaye. Kijiji hakikuifuata bahari, bali bahari ndiyo iliyokifuata kijiji.

Ukuta na ncha zake

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Skara Brae ukuta umejengwa, na hapana shaka ya kuwa bila ukuta huo nyumba zile zisingekuwapo leo. Kwa miaka karibu 100 umesimama kati ya kijiji na mawimbi, nao umetengenezwa na kuongezwa mara kwa mara. Mwaka 1999 kijiji hicho, pamoja na makaburi na duara za mawe zilizo karibu, kiliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Walakini ukuta hauiondoi nguvu ya wimbi. Wimbi likigonga mawe hurudi, na lirudipo huchukua mchanga wa chini ya ukuta. Pale ukuta unapokwisha, maji huzunguka ncha yake na kula udongo laini ulio pembeni. Kwa hiyo pwani ya pande zote mbili za kijiji imerudi nyuma, na ukuta unazidi kutokeza mbele kama pua. Wakiurefusha, ncha zitahama tu. Wakiuacha, bahari itafika kwa nyuma.

Mwaka 2019 wataalamu walikutana huko Orkney kuchunguza hatari ya mabadiliko ya hali ya hewa kwa mahali hapo pa urithi, nao walikata shauri ya kuwa hatari ni kubwa sana, kwa sababu ya kuinuka kwa bahari, nguvu za tufani na wingi wa mvua. Hukumu hiyo ilihusu mahali palipo na ukuta, walinzi, fedha na jina linalojulikana duniani kote. Na iko pwani nyingine ndefu isiyo na hata kimoja cha vitu hivyo.

Mahali pasipo na ukuta

Katika kisiwa cha Sanday, mahali paitwapo Scar, mkulima mmoja aliokota kitu kidogo ufukoni mwaka 1985. Miaka 6 ilipita kabla ya wachunguzi kufika wakaona mifupa ya watu ikitokeza katika kingo za pwani. Mwishoni mwa mwaka 1991, katika baridi na upepo, walichimba kwa haraka, wakakuta kaburi la Wavikingi, wale mabaharia waliotoka Norwei na nchi za jirani yapata miaka 1,100 iliyopita. Ndani ya mashua yenye urefu wa futi 21 hivi walikuwa wamezikwa watu watatu, yaani mwanamume, mwanamke mzee na mtoto. Mbao za mashua zilikuwa zimeoza zote, na zilizobaki ni misumari ya chuma zaidi ya 300 iliyokaa katika mistari yake, hata umbo la mashua likasomeka mchangani. Karibu na mwanamke palikuwa na bamba la mfupa wa nyangumi lililochongwa vichwa viwili vya majoka vinavyotazamana. Bamba hilo sasa liko katika nyumba ya makumbusho ya Kirkwall. Lakini upande wa mashua ulioelekea baharini ulikuwa umekwisha kuchukuliwa, pamoja na sehemu ya mifupa ya waliozikwa humo.

Katika kisiwa cha Rousay, mahali paitwapo Swandro, ziko nyumba za watu wa vizazi vingi zilizojengwa juu ya nyumba za wengine, na karibu yake kaburi la mawe la watu wa kale zaidi. Magofu hayo yalifichwa na ufuko wa mawe ya mviringo, na wakati watu walipokuwa wakidhani ya kuwa mawe hayo yanayalinda, mawimbi yalikuwa yakipita katikati yake na kuyavuta majengo vipande vipande. Tangu mwaka 2010 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Bradford, wakiongozwa na Daktari Julie Bond na Daktari Stephen Dockrill, walishindana na bahari hapo kiangazi baada ya kiangazi.

Mwaka 2018 walitangaza habari ya karakana ya mhunzi wa shaba wa kabila la Wapikti, ambao waliishi huko kabla ya Wavikingi. Chumba chake kilikuwa cha giza, maana gizani mhunzi huona vema rangi ya madini yaliyo motoni, akajua kama joto limetosha. Katikati palikuwa na meko, na karibu yake jiwe lililotumika kama fuawe. Jiwe hilo liliposafishwa zilionekana alama nyeusi za masizi, nazo ni alama za magoti na mikono ya mhunzi mwenyewe, alipokuwa akipiga magoti na kujiegemeza kazini zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Jina lake halijulikani wala halitajulikana. Lakini mahali alipoweka mikono yake pamepatikana, na kama wachunguzi wangalichelewa, bahari ingalipaosha kabisa.

Wala si maji peke yake yafanyayo kazi hii. Katika kisiwa cha Westray, mahali paitwapo Links of Noltland, upepo huchukua mchanga wa pwani na kufunua mashamba na nyumba za kale. Huko mwaka 2009 lilipatikana sanamu dogo la jiwe la mchanga, urefu wake usiozidi inchi 2, lenye uso wa mtu. Ni umbo la mtu la kale kuliko yote yaliyopata kuonekana katika Uskoti. Katika msingi wa nyumba moja ya huko yalikutwa mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 20, yamepangwa kwa uangalifu ndani ya ukuta. Mfugaji hahitaji kuambiwa na mtaalamu ya kuwa watu wale waliwaheshimu ng'ombe wao.

Macho ya wenyeji

Basi watu wafanye nini? Haiwezekani kuizungushia Orkney nzima ukuta. Fedha hazitoshi, na hata zingetosha, ukuta wa mahali pamoja huweza kuleta hasara kwa jirani. Kwa hiyo wamebaki na njia tatu. Ya kwanza ni kulinda mahali pachache sana. Ya pili ni kuchimba kabla ya bahari, na kuandika, kupima na kupiga picha kila kitu. Ya tatu ni kuacha. Njia hiyo ya tatu ni nzito kutamka, lakini ndiyo inayofuatwa mara nyingi, maana asiyechagua amekwisha kuacha.

Ili kuchagua vema, hapana budi kwanza kujua nini kinaonekana na wapi. Tangu mwanzo wa karne hii chama kiitwacho SCAPE, kilicho pamoja na Chuo Kikuu cha St Andrews, kimefanya kazi hiyo katika pwani ya Uskoti. Wataalamu wake ni wachache, nao hawawezi kufika kila ghuba baada ya kila tufani. Kwa hiyo huwategemea wenyeji, kama vile wakulima wanaotazama mifugo ufukoni, wavuvi, walimu na wazee wanaotembea pwani, ambao hutoa habari ya ukuta mpya uliotokeza au wa zamani uliotoweka. Mtu akaaye mahali pamoja miaka 40 huijua kingo ya shamba lake kuliko mgeni mwenye vyombo vya kupimia.

Mfano mmoja wa kazi hiyo uko Sanday. Mwezi wa Januari mwaka 2005 tufani kubwa ilifunua katika ufuko wa Meur jengo la kale lililotumika kuchemshia maji kwa mawe ya moto. Lisingeweza kulindwa mahali lilipokuwa. Basi wenyeji wakishirikiana na chama hicho walilifungua jiwe kwa jiwe, wakayachukua mawe mpaka kwenye nyumba yao ya urithi, na mwaka 2014 wakalijenga upya kama lilivyokuwa. Wako watakaosema ya kuwa jengo lililohamishwa si lile lile tena. Maneno hayo ni ya kweli, lakini jengo lililo chini ya bahari halina wa kulibishania.

Umuhimu wa kuandika umeonekana hata Skara Brae. Kati ya vitu alivyopata Bwana Watt katika miaka ya 1860 lilikuwamo sanamu la mtu lililochongwa kwa mfupa wa nyangumi, lisilofika inchi 4. Sanamu hilo likapotea, likahesabiwa kuwa limekwisha. Mwaka 2016 lilikutwa ndani ya sanduku katika makumbusho ya Stromness, na watu wakajua ni lipi kwa sababu Bwana George Petrie, mpenzi wa mambo ya kale wa wakati ule, alikuwa ameliandika na kulichora katika daftari yake. Hivyo mistari michache ya penseli ilikirudisha kitu kilichokuwa kimepotea kwa muda wa miaka 150.

Ukuta wa kondoo

Kisiwa cha kaskazini kabisa, North Ronaldsay, kina ukuta wa namna nyingine, nao bado wafanya kazi. Mwaka 1832 wenyeji walijenga kwa mawe makavu, bila saruji, ukuta unaokizunguka kisiwa chote kwa urefu wa maili 13 hivi. Haukujengwa kuizuia bahari, bali kuwazuia kondoo wasiingie mashambani. Kondoo hao hukaa ufukoni sehemu kubwa ya mwaka na kula mwani, na miili yao imezoea chakula hicho hata majani ya kawaida yakiwa mengi mno huwadhuru, kwa sababu ya madini ya shaba yaliyomo.

Tufani huubomoa ukuta huo mara kwa mara. Zamani kila nyumba ilikuwa na sehemu yake ya kutengeneza, lakini watu wamepungua sana kisiwani, na mikono iliyobaki haitoshi. Kwa hiyo tangu mwaka 2016 watu wa kujitolea wamekuwa wakialikwa wakati wa kiangazi waje kuinua mawe yaliyoanguka pamoja na wenyeji. Ukuta ukianguka kabisa, kondoo wataingia bara, desturi yao ya kula mwani itakwisha, na jambo lililokuwa hai litakuwa gofu jingine la kuchunguzwa.

Watu wa Orkney wanajua ya kuwa mwisho bahari itashinda. Mwamba ulioanzia katika matope ya ziwa utarudi kuwa mchanga, na nguzo ya Hoy itaanguka. Lakini kati ya tufani moja na nyingine upo muda, na muda huo ni wao. Katika muda wa namna hiyo kaburi la Scar lilisomwa, mawe ya Meur yalihamishwa, na alama za mikono ya mhunzi wa Swandro ziliandikwa. Majira ya baridi yakipita na siku zikianza kuwa ndefu, wakulima wa visiwa hivyo hushuka tena pwani kutazama kilichotokeza, na mwenye busara huchukua daftari pamoja na fimbo yake.